Kutu Niliyoizua Hail

Leo nimemdanganya kipofu, jamaa zangu, na roho inanisuta.

Nlikwenda mtaa wa Hail kuangalia bunduki ya zamani ya Kiingereza, ya mitutu miwili. Mwenyewe ni mzee wetu wa Unguja, macho hayaoni tena.

Kahawa kwanza, halua, khabari za watu. Ndo mambo yetu.

Kisha nkaifungua, nkaielekeza dirishani, nkachungulia. Mitutu inang'aa kama kioo!

Lakini si mnajua, mnunuzi hasifu. Nkaguna: "Mzee, ndani mna kutu. Imeshaanza kula."

Nlingojea anibishie, tuvutane kidogo, tupatane bei.

Hakubisha. Aliupapasa mtutu kwa vidole.

"Nisamehe, mwanangu. Kila Ijumaa nnaitia mafuta. Nlidhani mkono unafika kote."

Akapunguza bei mwenyewe.

Wallahi nlitaka kumwambia. Nkalipa, nkaondoka.

Sasa bunduki iko mbele yangu. Nimepitisha kitambaa ndani, kimetoka cheupe vile vile.

Na mkewe kanipigia simu sasa hivi. Mzee anauliza, ile kutu imetoka?

Nambieni, nimjibu nini?