Joyness: Mteja akikukasirikia, usimkimbie

Ukungu bado umelalia migomba ya Kamuli, wilayani Kyerwa, na Joyness Kaijage anageuza kiti kiangalie ukuta. Anakikalia, anawapa mgongo wanafunzi wake.

"Haya. Mimi ni mteja na nimekukasirikia. Nirudishe."

Theoneste Hagenimana, fundi cherehani anayejifunza ushauri nasaha, anasogea. "Mama, samahani, ule ni utaratibu wetu, hatupokei kitu cha mteja..."

"Unajitetea! Nani amekushtaki?" anafoka Joyness bila kugeuka. Wanafunzi wengine wanaangua kicheko. "Tena!"

Joyness, mwenye miaka 44, ni mkulima wa kahawa. Ndiye anayewafundisha washauri wa kujitolea wanaowatembelea wafiwa na wenye msongo wa mawazo huku Kyerwa na Karagwe. Analipwa nauli tu. Somo analolishikilia ni lile ambalo wengi hulikwepa: ufanye nini pale unayemsaidia, 'mteja' kwa lugha yao, anapokuchukia.

Na leo si maigizo matupu. Mteja yupo kweli, na mchana Theoneste anakwenda kwake.

Anaitwa Mackrine Kokuberwa. Mumewe alifariki ghafla, na ndugu wa marehemu wakanong'ona kwamba mke ndiye aliyemtilia sumu. Majirani wakaacha kula kwake. Theoneste akaanza kumtembelea, na mama akaanza kuzungumza.

Siku moja akamtengea akamwani, kahawa ya kutafuna, kwenye kikapu kidogo, kama mgeni anavyopokelewa huku. Theoneste akarudisha mkono. Kwenye mafunzo aliambiwa asipokee kitu.

Mackrine alitabasamu tu. Tangu hapo, kijana akibisha hodi anaambiwa mama yuko shambani.

Kiongozi wa kikundi, Mzee Nestory, alitaka mama apewe mshauri mwingine. Joyness akagoma.

"Majirani wamemkimbia, wakwe wamemkimbia. Na sisi tumkimbie kwa utaratibu? Aliyemkosea ndiye atakayerudi. Kama hamtaki, tafuteni mwalimu mwingine."

Kilichotokea mchana ule anakisimulia Mackrine mwenyewe, amesimama mlangoni kwake. "Jina langu liandike lote," anamwambia mwandishi. "Sikuua mtu."

Anaendelea: "Nilidhani kijana amekuja kunisomea sheria zao. Wala. Akaniuliza, 'Mama, siku ile niliporudisha mkono, ulijisikiaje?' Nikamwambia, nilijua na wewe wameshakwambia nina sumu. Nikamsema, nikamsema! Jasho linamtoka, lakini hakuinuka."

Hakujitetea?

"Hata kidogo. Alisema tu, 'Nimekugusa palepale penye kidonda.' Basi nikalia. Tangu msiba sikuwa nimelia mbele ya mtu, wasije wakasema najiliza ili kuficha kosa."

Na kahawa?

Mackrine anacheka. "Sikumpa! Nimemwambia aje tena Alhamisi, nitaangalia."

Joyness alipopewa habari hizo alipiga makofi. "Ameambiwa aje Alhamisi. Mlango umefunguka huo! Mtu akikukasirikia na usipokimbia, anajua kwamba unaweza kuubeba na ule uzito mwingine alio nao moyoni."

Zawadi bado anakataza, lakini kahawa ya mgeni ameitoa kwenye katazo. "Hiyo ni salamu," anasema.

"Na noti ya elfu kumi je, nayo salamu?" anamchokoza Mzee Nestory.

"Noti inatafunwa, mzee?"

Mwezi ujao Joyness anaanza na kundi jipya kule Bugene, wilayani Karagwe. Safari hii hataki kukaa yeye kwenye kile kiti kinachoangalia ukuta. Amemwomba Mackrine akikalie, na Mackrine amekubali. Wapo waliomwonya kwamba watu hawatakubali kukaa chumba kimoja na mjane yule.

"Asiyeweza kukaa naye hii kazi haiwezi," anajibu Joyness. "Aondoke mapema, atuachie nafasi."

Mackrine ana sharti moja tu.

"Nakwenda na kikapu changu cha kahawa," anasema. "Nitakizungusha kabla somo halijaanza. Niwaone, mmoja mmoja, nani atarudisha mkono."