Mtamba Aliyekataa Lami

Kwamba shukrani ya punda ni mateke nimeisikia tangu darasa la kwanza, na tangu darasa la kwanza siipendi methali hiyo. Aliyeitunga sidhani kama aliwahi kunywa maji yaliyoletwa na punda kutoka mbali. Mimi nimeyanywa. Nimekulia Lopur, upande wa Kakuma, na maji yote yaliyonikuza yalikuja mgongoni mwa punda wa mama yangu. Kwa hiyo mtu akimtukana punda mbele yangu, hata leo dukani kwangu hapa Kanamkemer, mjini Lodwar, namuuzia sukari yake na kumjibu pia.

Kwetu punda ni wa wanawake. Wanaume wana ngamia wao na ng'ombe wao na nyimbo wanazowaimbia. Punda tunampakia sisi, tunamshusha sisi, tunamjua sisi. Mama alinifundisha kumchagua punda angali mdogo, kabla hajabebeshwa chochote. Hakunionyesha meno wala masikio. Alinipeleka kwenye mchanga wa laga, ule mto wetu mkavu, asubuhi kabla upepo haujaanza, akamwacha mwanapunda apite, kisha akaniambia niiname nitazame chini. Mguu wa mbele huacha alama, mguu wa nyuma hufuata. Wa nyuma ukitua kabla ya kuifikia alama ya mwenzake, punda huyo atachoka mapema. Ukitua juu yake, ni punda wa kawaida, mshukuru Mungu. Ukiivuka na kutua mbele yake, huyo usimuuze hata ukiwa na njaa. Nguvu yake inatoka nyuma, mgongo wake umelegea vizuri, na mzigo ataubeba kama mtu aliyevaa nguo zake mwenyewe.

"Manyoya mazuri yatakudanganya," mama alikuwa akisema. "Wewe tazama mchanga."

Ukame uliopita ulimmalizia punda wote isipokuwa mmoja, mtamba wa kijivu, yaani jike ambaye hajazaa, na ambaye hata mzigo alikuwa hajaujua. Kaka yangu, karani katika ofisi moja Lodwar, akaona hapo ndipo pa kumaliza mambo. Alitaka mama ahamie mjini, akae katika chumba cha mabati nyuma ya nyumba yake. Sitamsingizia, hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amechoka kupigiwa simu kwamba mama amekwenda kutafuta maji na jua limezama hajarudi. Lakini mimi nilikataa, mama akakataa, tukabishana majuma mengi.

Mwishowe tukakubaliana hivi. Maonyesho ya mifugo yalikuwa yanakaribia Lodwar, na safari hii waamuzi wangechagua mitamba wa punda wa kubaki kuzalisha. Watakaochaguliwa wangetibiwa bure na hakuna ambaye angeruhusiwa kuwauza. Mtamba wetu akichaguliwa, mama anabaki Lopur na kaka anafunga mdomo. Akikataliwa, anachukuliwa na mnunuzi wa punda, yule ambaye punda akishapanda lori lake hatumwoni tena, na mama anahamia mjini, kwa sababu bila punda hakuna maji, na bila maji hakuna Lopur. Mama alisikiliza yote, akasema sawa. Mimi nilikubali kwa kiburi kabisa, maana nilikuwa nimeshaziona nyayo za yule mtamba.

Siku ya maonyesho mama alifika na lori la mbuzi, yeye mbele karibu na dereva, mtamba nyuma pamoja na matenga yake mawili ya kupakia punda na furushi kubwa lililofungwa kwa kamba. Tulisalimiana, ejok, ejok noi, nikamuuliza furushi ni la nini. Akasema ni vitu vyake. Nilikuwa na haraka, sikuuliza zaidi.

Nilipofika uwanjani nilikuta punda hawatapitishwa uwanjani. Wangepitishwa kwenye kipande cha barabara mpya ya lami kilichofungwa kwa kamba mbele ya mahema ya wageni. Wakubwa hawakutaka vumbi. Mwamuzi mkuu alikuwa ametoka kusini, na tuliambiwa kwamba huko amewahi kuamua mashindano ya farasi, wale wanaofundishwa kupiga hatua kwa madaha mbele ya watu. Alitueleza kwanza anachotafuta. Alisema usitazame kichwa, tazama nyuma. Mguu wa nyuma uingie chini ya tumbo, uvuke alama ya mguu wa mbele, na mgongo uyumbe bila kukaza. Nilitaka kumkumbatia. Yalikuwa maneno ya mama yangu, tofauti ni kwamba haya yalikuwa yamevaa kofia.

Punda wa mjini wakapita. Hao huvuta mikokoteni ya maji kuanzia Nawoitorong hadi sokoni, wamezaliwa kando ya lami, wanaijua kama mimi ninavyoijua kaunta yangu. Ikafika zamu yetu. Mtamba wetu alifika ukingoni mwa lami, akainamisha pua, akasimama. Jua lilikuwa kali na ile lami ilikuwa inameta. Kwa mnyama wa kwetu, kitu cheusi kinachometa ni maji, na maji usiyoyajua kina chake huyaingii, hasa ukiwa umewahi kuona laga lililofurika likimzoa mbuzi. Nikamvuta, akakataa. Mtu mmoja akamcharaza fimbo kwa nyuma. Basi akaingia akiinua kwato kama anayekanyaga makaa, mgongo umekaza, mkia ameubana, hatua fupi fupi, na miguu ya nyuma ikitua mbali kabisa na ya mbele. Watu wakacheka.

"Huyu punda iko na kiburi sana," akasema aliyekuwa ameshika fimbo.

"Hatua fupi, mgongo mgumu," akasema mwamuzi. "Asante, mpelekeni kando."

Sikumpeleka kando. Nilimfuata mwamuzi na punda wangu mkononi.

"Bwana mwamuzi, huyu hajawahi kuona lami tangu azaliwe. Mpitishe mchangani. Laga ni hapo tu."

"Nakuelewa, dada. Lakini wote wamepita hapa. Nikimhamisha mmoja, wengine nitawaambia nini?"

"Waambie mmekosea mahali."

Hakukasirika, na hilo lilinikasirisha zaidi. Akasema kwa upole kwamba mnyama mwenye mwendo mzuri hutembea vizuri popote.

"Basi mlete farasi wako Lopur," nikamwambia, "tumpitishe kwenye mawe yetu mchana, halafu utuambie habari za popote."

Safari hii watu walicheka upande wangu. Haikusaidia kitu. Mwamuzi alishageukia punda mwingine, na naungama kwamba nilikuwa na hasira ya kutosha kuwasha jiko.

Kaka akanijia, simu mkononi. Mnunuzi alishampigia na alikuwa njiani na lori lake.

"Dada, hii maneno tuliongea," akasema. "Wamemkataa."

"Tuliongea wauone mwendo wake. Hawajauona."

"Wameuona. Sote tumeuona."

"Mmeona lami," nikasema, nikashika kamba na kuondoka.

Sikuwa na mpango. Nilitaka tu miguu ya yule mnyama ifike mahali inapopajua. Nyuma yangu kaka alikuwa anakuja akilalamika juu ya viatu vyake. Tuliposhuka kwenye laga, mtamba alisimama, akajitikisa mwili mzima, akapumua kwa nguvu puani. Kisha akashusha kichwa na kuanza kutembea. Nikaiachia kamba. Alitembea kama alivyokuwa anatembea Lopur, kiuno kikicheza, bila haraka, mchanga ukiruka kidogo nyuma ya kila ukwato.

"Inama," nikamwambia kaka.

"Nimevaa suruali ya kazi."

"Inama, nimekwambia."

Akainama. Yeye pia ni mtoto wa mama yule yule, na kabla ya kujua kalamu alifundishwa mchanga. Akatafuta alama ya mguu wa mbele, akatafuta ya nyuma, akaweka kiganja katikati. Kiganja kizima kiliingia. Akaenda kwenye jozi nyingine ya nyayo, akapima tena.

"Amevuka," akasema kwa Kiturkana. Siku hizi mimi na yeye huongea Kiswahili tu, tena cha kugombana.

"Sasa?" nikamuuliza.

"Sasa bado wamemkataa. Tulikubaliana, dada. Huyo mtu anakuja."

Nilifungua mdomo nimtolee yote niliyokuwa nayo, lakini mama alikuwa ameshatupita. Alikuwa amerudi uwanjani kuchukua matenga na lile furushi. Akamfikia mtamba, akamwekea ngozi mgongoni, akamfunga tenga moja kila upande. Mnyama alitetemeka ngozi, akageuza masikio, akasimama. Halafu mama akalifungua furushi agawanye uzito. Ikatoka ngozi yake ya kulalia. Vikatoka vibuyu vya maziwa, sufuria, Biblia, shanga zake kuukuu, na chini kabisa jiwe la kusagia.

Nikaelewa. Wakati wote huo tuliokuwa tukikataa pamoja, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na hakika. Mama alipanda lile lori na nyumba yake nzima, tayari kutorudi. Iliniuma kuliko lolote alilosema mwamuzi.

"Mama," nikasema, "ulileta hadi jiwe la kusagia?"

"Nilisikia watu wa mjini hawana," akanijibu, akaliweka tengani.

Simu ya kaka ikaita. Aliitazama, kisha akamtazama mama akikaza kamba ya mwisho. Kwetu punda aliyepakiwa hauzwi wala hatajiwi bei mpaka ashushwe. Akiwa na mzigo ni nyumba ya mtu, na nyumba ya mtu haiulizwi bei njiani. Mama alijua anachofanya, na kaka alijua kwamba anajua. Akapokea simu.

"Huyo punda hauzwi," akamwambia mnunuzi. Akasikiliza kidogo. "Hapana. Ako na mzigo."

Alishusha simu, akamuuliza mama, kwa sauti ya mtoto, mzigo huo utashushwa wapi.

"Lopur," akasema mama.

Akashika kamba na kuanza kutembea kufuata laga, kuelekea kule malori ya Kakuma yanakopakia, na kaka akamfuata na viatu vyake vilivyojaa mchanga. Mimi nilibaki nyuma kidogo, nikainama. Mtamba akiwa na nyumba nzima mgongoni, mzigo wake wa kwanza maishani, mguu wa nyuma ulikuwa bado unavuka.