Pumzi ya Mzee Kibona

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana moja ya kutengeneza tarumbeta hapa Tunduma, Fundi Mkuu alinikuta nasugua tarumbeta kwa majivu na ndimu mpaka inang'aa. Nikatabasamu nikingoja sifa.

"Binti, umeinawisha uso tu," akasema. "Tarumbeta husafishwa ndani."

Tarumbeta zetu zilikuwa mitumba, nyingi zikivuka mpaka kutoka Zambia na uchafu wa wapigaji wote waliotangulia. Tulizifungua vipande vipande, tukaziloweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, maana maji ya moto sana hubabua rangi. Kisha tulipitisha ndani ya mabomba kamba yenye kitambaa. Pistoni, vile vyuma vinavyopanda na kushuka unapobonyeza, tulizifuta kwa mkono na kuzitia mafuta mepesi. Kila pistoni ina namba yake na tundu lake.

Baadaye nilipelekwa Isongole kuhudumia bendi za makanisa. Kiongozi wa Bendi alinipokea na habari mbaya: Mzee Kibona, mpiga besi wao, ile tarumbeta kubwa ya sauti nzito, pumzi zimemwishia, na Jumapili besi ingepewa mtu mwingine. Mzee mwenyewe alikaa pembeni, kaikumbatia besi yake. Nilimwonea huruma sana.

"Naomba niifungue kwanza," nikasema.

Nilipoiosha, maji yalitoka ya kijani, kisha yakatoka mabonge. Nikanusa. Togwa! Kumbe bendi ile kila ikipumzika ilikaribishwa togwa nzito ya unga wa ulezi, na wazee walirudi kupuliza hata hawajameza vizuri. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kwa furaha nikaiunga haraka haraka, nikampa. Akapuliza mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Kimya.

"Basi, mwanangu, nimekwisha kweli," akasema, akanirudishia.

Kuifungua tena, kumbe pistoni ya kwanza nimeitia kwenye tundu la pili, hewa haina pa kupita! Na mimi nilivyokuwa najiona bingwa! Nikazirudisha mahali pake, nikamsihi ajaribu mara moja tu.

Sauti ile iliwatoa watu mashambani.

Sasa nimestaafu, na ninyi vijana mnaoanza kazi hii mnaniuliza siku gani ilinifurahisha zaidi. Ni Jumapili iliyofuata. Kiongozi wa Bendi alisimama katikati ya ibada, mbele ya ushirika wote, akamwomba mzee msamaha. Mzee Kibona akaitoa besi mdomoni.

"Nimekusamehe," akasema. "Sasa kaa, sijamaliza wimbo."