Maji Yangu Aliyachota Yeye

Shule yetu ya wasichana, ya serikali, ilikuwa pembezoni mwa mji wa Masasi. Bwenini tulichanganyika: Wamakua, Wayao, Wamakonde, na sisi watoto wa watumishi waliohamishiwa huko. Wazazi wangu walitokea Mwanza. Nilikuwa na pumu, hivyo matroni alinikataza kubeba maji. Jirani yangu wa kitanda, msichana wa Kimakonde kutoka kijiji cha Mkunya, juu huko Newala, akawa anakwenda kisimani mara mbili: kwa ajili yake, kisha kwa ajili yangu. Hakuna aliyemtuma.

"Sisi kwetu juu tumezoea kufuata maji mbali," alisema. "Wewe pumzika."

Nami nikazoea kupumzika, hata siku ambazo kifua kilikuwa kimetulia.

Mtihani wa kidato cha nne ulipokaribia, aliteleza kwenye saruji iliyolowa kando ya kisima, ndoo yangu ikiwa kichwani. Akavunjika mkono wa kulia.

Mama yake alitukuta katika hospitali ya Mkomaindo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ahsante kwa kukaa na mwenzio." Akafungua pindo la kanga, akanimiminia korosho viganjani.

"Mama, yale maji yalikuwa yangu," nikasema.

Rafiki yangu akadakia kwa Kimakonde, harakaharaka. Mpaka leo sijui alisema nini. Mama akanitazama, kisha akasema kwa upole, "Kula, mwanangu."

Korosho nilizirudisha bwenini bila kuzila.

Mtihani aliufanya kwa mkono wa kushoto, herufi zikipandana, karatasi zikikusanywa kabla hajamaliza. Mimi nilichaguliwa kwenda kidato cha tano. Yeye alirudi kwao.

Sasa ni fundi cherehani Newala. Kila nikienda likizo humpitia, na kila mara humwomba radhi. Mwaka jana alisimamisha cherehani.

"Hebu acha. Nilikuchotea kwa sababu nilikupenda. Wewe ukija hapa unaangalia mkono tu. Hata watoto wangu hujawahi kuniuliza wanasoma wapi."

Ilikuwa kweli.

"Haya," nikasema, "wanasoma wapi?"

Akanieleza kirefu, huku akikata kitambaa cha sare. Nilisikiliza, nikacheka panapochekesha. Lakini macho yangu, kila nilipojisahau, yalirudi kwenye kiwiko chake kisichonyooka vizuri, naye aliona.