Echodu, Mtu wa Kumi

"Hahesabiwi," alisema Mzee Methuselah kwa mara ya tatu, na safari hii akagonga fimbo sakafuni. "Asiyesikia hahesabiwi. Hiyo haikuanza na mimi."

"Haikuanza na wewe lakini imefika kwako na kukaa," nikamjibu. "Mama yetu ana miezi saba kaburini, na mtoto wake wa kiume hajamsimamia hata siku moja."

"Binti Nabwire, punguza mdomo. Uko kwenye nyumba ya sala."

"Niko mlangoni, mzee. Mlangoni mdomo unaruhusiwa."

Wabwire, muuza chumvi wa Malaba, akacheka akijificha nyuma ya kofia yake. Ilikuwa Sabato asubuhi, mwaka wa pili baada ya uhuru, na wanaume walikuwa wamekaa mikekani bila viatu kama ilivyo desturi yetu. Walikuwa tisa. Kwetu sisi Wayahudi, sala kubwa hushikwa na wanaume kumi. Wakiwa tisa, kuna maneno ambayo hayatamkwi kabisa, na moja ni Kadishi, sala ya mfiwa, ambayo mtoto humsimamia mzazi wake kwa miezi kumi na moja. Ikipita, imepita.

Wa kumi alikuwa ndugu yangu Echodu. Alikuwa mzima, ametahiriwa, ana ndevu kushinda nusu ya wale waliokaa, na nyumba yake ni ya tatu kutoka pale. Kasoro ni masikio tu. Basi kila wiki walikaa tisa, wakangoja, wakatazama barabara ya Adungosi kana kwamba Mungu atamshusha mwanamume kutoka kwa lori la pamba.

Zamani hatukuwa tisa. Wazee wetu walitoka upande wa Mbale na ng'ombe zao na vitabu vyao vya Kiganda, wakalima huku wakati mpaka ulikuwa ni jiwe lililopakwa chokaa. Tulifika nyumba kumi na nne. Kisha wengine wakarudi Mbale, wengine wakaingia kanisani kwa sababu kanisani kulikuwa na shule, tukabaki nyumba tano.

Jinsi masikio ya Echodu yalivyofungwa nimeisimulia kwa namna nyingi. Wajukuu wangu hupenda ile ya radi, iliyoingia sikio la kulia ikatokea la kushoto, ikaenda kuchoma ghala la jirani aliyetunyima mbegu. Mama alisema ilikuwa homa, ile ya shingo ngumu, siku nane, na mtoto ana miaka sita. Chukua ya radi ukitaka. Lakini kimya kilichofuata sikukitunga mimi.

Shule za watoto kama yeye tulisikia tu kwamba ziko, huko mbali. Mama akaanza kumsemesha kwa mikono. Maji hivi, ng'ombe hivi. Sabato ilikuwa vidole viwili vimesimama, kama mishumaa miwili. Amina ilikuwa ngumi ikitua ndani ya kiganja. Mzee Methuselah alikuwa kuvuta ndevu, naye hakuwahi kujua. Mungu ndiye aliyemsumbua. Mama alionyesha juu, Echodu akatazama juu akaona mwewe, na mwaka mzima tukaishi na mtoto anayemwamkia mwewe kwa heshima. Mwishowe Mama akabadilisha. Aliweka kiganja juu ya kichwa cha mtoto, bila kukigusa, kama mtu anayemkinga na mvua. Huyo ndiye akawa Mungu.

Sasa hii nyingine sijaipamba, kwa hiyo nitaisema haraka.

Katika sala yetu kuna mahali panapoanza, "Sikia, Israeli." Hapo kila mtu hufunika macho kwa mkono wa kulia ili moyo usitangetange. Echodu naye alifunika. Sisi tukimaliza tunajua tumemaliza, tunasikia. Yeye alitegemea aguswe goti. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, yeye kumi, na watoto tulikaa popote.

Sabato moja sikumgusa. Nilitaka kuona tu.

Watu wakashusha mikono, wakaendelea. Wakasoma, wakaketi, wakafunga vitabu. Echodu akabaki amesimama katikati ya nyumba, mkono machoni, anangoja. Watoto ndio walioanza kucheka. Kisha Wabwire, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa kutafuta mke. Kisha wakubwa. Mtu ambaye hasikii, akifunika macho, hakuna kitu cha dunia kilichobaki kumwambia yuko wapi. Nafikiri alidhani sala imekuwa ndefu siku hiyo. Nafikiri aliomba sana. Alipofungua jicho moja akaona meno ya watu wote, akanitafuta, na mimi pia nilikuwa nacheka.

Akatoka nje. Hakuingia tena kwa miaka kumi na sita.

Alikua, akawa fundi wa baiskeli pale Malaba, kwenye veranda ya Usman muuza nguo. Usman alikuwa Mwislamu na alimpa nafasi kwa sababu, alivyosema, fundi asiyesikia hawezi kusengenya wateja. Echodu alikuwa na namna yake ya kazi. Aligeuza baiskeli magurudumu juu, akauma chuma cha fremu kwa meno, akazungusha gurudumu, mtetemo ukampanda kichwani. Goroli iliyovunjika alijua kwa meno. Wale vijana wa kuvusha watu mpakani kwa baiskeli walipanga foleni kwake kutoka Busia. Siku moja aliuma baiskeli ya askari wa forodha akajua ndani ya bomba mna kahawa ya magendo kilo kumi. Sawa, haikuwa kumi. Ilikuwa robo, lakini ilikuwemo.

Ijumaa jua likiinamia bati la stesheni alikusanya spana, akapanda baiskeli hadi nyumbani, akasugua mikono kwa mchanga na sabuni mpaka grisi ikatoka, akakaa mezani kwa Mama. Na Mama alimpitishia yote, baraka ya mishumaa, ya mkate, habari za wiki, nani kazaa, nani kagombana na Methuselah. Nyimbo hakuweza kumpa, basi alimpigia mezani akaweka mikono yake juu ya mbao. Kwingine kote Echodu alikuwa mtu wa kutikisa kichwa. Pale tu alikuwa na maneno. Alikuwa na ubishi hata.

Lugha ile ilikuwa na watu watatu duniani. Mama alipokufa tukabaki wawili, na mimi nilikuwa nimeolewa Chakol, mikono yangu imezoea jembe na watoto. Nilikuja kila baada ya wiki kadhaa. Alinionyesha jambo mara mbili, mara tatu, nikiwa nimesahau, kisha akaacha, akatabasamu kama unavyomtabasamia mgeni.

Ijumaa moja nilifika bila habari. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amewasha mishumaa mwenyewe na amekaa upande wake wa meza, anazungumza. Mikono ilikwenda kasi, kasi ambayo mimi sijawahi kuiweza, na mbele yake kulikuwa na kiti kitupu. Kisha akanyoosha kiganja juu ya kile kiti, kwa urefu wa kichwa cha Mama akiwa ameketi, akakiweka hapo. Nilihesabu pumzi zangu mpaka nikachoka, na mkono haujashuka. Nilikaa nje nikala vumbi la barabara hadi alipomaliza, halafu nikaingia kama mtu aliyefika sasa hivi.

Usiku ule ule aliniuliza. Alinionyesha Mama, kusimama, nyumba ya sala, yeye. Nikamwambia inataka wanaume kumi. Kesho yake, asubuhi ya Sabato, akanishika mkono, akanipeleka hadi nje ya nyumba ya sala, akanionyesha viatu mlangoni. Jozi tisa. Alikuwa amekuja kuvihesabu kila Sabato tangu tumzike Mama, watu wakiwa ndani. Akanionyesha jozi moja moja, kisha akanyooshea kidole miguu yake mwenyewe, akageuka akaenda nyumbani.

Hapo ndipo nilipousukuma mlango nikawaanzia.

"Sala yenyewe inaanza na neno sikia," Methuselah akaendelea. "Nitamwambiaje kiziwi asikie? Si ni kumdhihaki?"

"Wabwire anasikia kila wiki na bado chumvi yake ina mchanga."

"Mimi umeniingiza kwa nini?" Wabwire akauliza.

"Na Amina atajuaje pa kuitika?" mzee akasema.

"Nitasimama mbele nimwambie kwa mikono."

"Mwanamke, asimame mbele ya wanaume wakisali."

"Basi jifunze wewe, mzee. Mikono unayo. Fimbo iweke chini."

Nilidhani nimefukuzwa. Methuselah akatazama mkeka, na aliposema tena sauti haikuwa ile ya kugonga sakafu.

"Na pale pa kufunika macho? Nilikuwepo siku ile, binti Nabwire. Nilicheka. Mtu mzima na ndevu zangu. Akirudi hapa tukamfanyia tena, hata kwa kusahau tu, nani atamjibu Mama yenu?"

"Nani aliyemwacha siku ile unamjua?" nikamuuliza.

"Najua."

Nikajifunika macho kwa mkono wa kulia, kisha nikaushusha.

"Yeye asifunike," nikasema. "Sisi tufunike, yeye atazame. Ndivyo atakavyosikia."

"Atatuona sote," akasema Wabwire. "Mimi hukunja uso vibaya."

"Anakuona kila siku sokoni, hujawa mzuri hata mara moja."

Wakacheka kidogo, Methuselah hakucheka. Alikuwa anafikiri, midomo ikitembea, kama anayetafuta ruhusa katika kitabu asichokuwa nacho. Kati ya ile miezi kumi na moja ilibaki minne. Kisha akailaza fimbo kando ya mkeka.

"Hiyo Amina yenu," akasema, "hufanywaje?"

Nikamwonyesha, ngumi ndani ya kiganja. Akajaribu, kwa nguvu mno, kama anayetwanga. Nikamwambia itue, isipige. Akarudia. Wengine nao, mmoja mmoja, wakatoa mikono kwenye kanzu wakajaribu, na Wabwire akaweka ngumi ya mkono usiofaa, nikamgeuza.

"Na Kadishi," Methuselah akaniuliza, ngumi bado imo kiganjani, "mfiwa akiisema kwa mikono, akafika mahali petu pa kuitika, sisi tutamwitikia mara nga—"

Mwanga wa mlangoni ukapungua. Echodu alikuwa amesimama kizingitini, na hakuna aliyejua amesimama hapo kwa muda gani, anatutazama mikono.