Ua la Mti wa Nyuma ya Kanisa

Yadira Ayoví alizaliwa Guayabal, kando ya mto, akaenda mjini kusomea mimea, na aliporudi wakambandika jina la Daktari wa Majani. Hakukasirika. Alikuwa na mmea wake nyuma ya kanisa, mtambaazi uliokumbatia mti mkubwa, wenye majani yasiyofanana na ya mmea wowote unaojulikana. Ili aueleze na kuupa jina alihitaji ua. Ua ndilo linaloonyesha ukoo. Majani peke yake hudanganya. Lakini mti ulikuwa umeoza ndani na kujaa nyigu, na hakuna aliyekubali kuupanda. Vipande alivyojaribu kuotesha nyumbani vilioza vyote. Basi miaka ikapita akiwa chini na darubini, akingoja uchanue.

Kijiji kilipoamua kupasua barabara ya kwenda zahanati, mti ukawa umesimama njiani kabisa. Yadira akamwendea mjomba wake Eustorgio, mkuu wa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji.

"Mjomba, ipindisheni njia kidogo. Mmea ule haupo kwingine."

"Unaitwaje?"

"Bado hauna jina."

"Mwanangu, serikali imetuambia tuepuke kilichomo kwenye orodha yao ya mimea ya kulindwa. Kisicho na jina kitaingiaje humo?" Akashusha sauti. "Huku mto, huku makaburi. Niipindishie wapi? Na mama yako tulimbeba kwa machela hadi zahanati juzijuzi tu, au umesahau?"

Hakusahau. Ndiyo maana hakuomba tena.

Siku ya msaragambo hakai mtu nyumbani, hata mwenye msiba. Yadira alimenya ndizi za mchuzi wa samaki pamoja na kina mama, huku msumeno ukinguruma. Mti ulipoanguka, watu walipiga kelele za furaha, naye akaenda kuutazama.

Kilele chote kilikuwa zambarau. Maua mapya, maua yaliyonyauka, vikonyo vikavu vya misimu iliyopita. Mmea ulikuwa ukichanua huko juu miaka yote, juu ya majani yaliyomziba macho.

Eustorgio alimjia na maua tele mikononi, uso umemnawiri.

"Daktari, si ulikuwa unalitafuta hili? Tumekuangushia."

"Asante, mjomba."

Alichuchumaa, akafungua magazeti ya kukaushia mimea, akaanza kuyalaza maua moja moja.

"Sasa mmea utapata jina, sivyo?"

"Utapata."

"Vizuri," alisema mzee kwa moyo safi. "Tukiuona tena hatutaukata."