Matembezi ya Kuzunguka Bwawa

Wajukuu wangu wana viatu vya kutembelea. Si vya kwendea mahali, ni vya kutembelea tu. Jumamosi huamka mapema, hujaza chupa za maji, huenda kupanda Kilimambogo, na jioni hurudi wamechubuka visigino wakisema wamestarehe. Wakati mwingine huniuliza, "Cucu, na wewe ulipokuwa kijana hukuwahi kutembea msituni kwa kujifurahisha?" Huwajibu kwamba niliwahi, mara moja, na furaha haikuwa yangu. Naishia hapo, maana nikiendelea nitapandisha sauti na wataambiana kwamba nyanya ana hasira. Ninazo. Sijawahi kuzikana.

Ilikuwa miaka ile ya Emajensi, Wazungu walipotangaza hali ya hatari. Mume wangu alikuwa kizuizini, nami nilikuwa aya, mlezi wa mtoto, katika shamba la kahawa la Mzungu upande wa Mugutha. Kazi ndiyo iliyonipa ruhusa ya kukaa pale. Nilimlea binti wa memsahibu, mtoto wa miaka miwili, mzito kama gunia la viazi, ambaye hakupenda kukanyaga chini ikiwa mgongo wangu ulikuwa karibu. Sikuwa na neno naye. Mtoto ni mtoto. Na mimi katika laini, safu za vyumba vya wafanyakazi nyuma ya kiwanda, nilikuwa na wangu wa kiume, wa miezi mitatu, aliyekuwa akinyonya tu. Nilimwacha kwa jirani yangu, mama mtu mzima aliyekwisha kulea wengi, na memsahibu alikuwa ameniruhusu kukimbia kila saa nne asubuhi na kila saa saba mchana kwenda kumnyonyesha.

Jumapili hiyo alikuja mgeni kutoka Nairobi, mwanamke mrefu mwenye kamera shingoni. Memsahibu aliniita saa mbili na nusu, akaniambia watakwenda kuzunguka bwawa, basi, na kabla ya saa nne tutakuwa tumerudi. Nilimuuliza mara mbili. Akasema, "Bwawa tu, aya. Karibu tu." Nikamfunga binti yake mgongoni, nikachukua kikapu chenye flaski ya chai, mkate na blanketi la kukalia. Wao walichukua kila mmoja fimbo yake.

Kulikuwa kuzuri, sitasema uongo. Njia ilipita kwanza kwenye mikaratusi, majani makavu yakilia chini ya miguu, halafu ikashuka hadi majini, ikafuata ukingo kwenye matete. Ndege weusi walikuwa wamekaa juu ya vijiti katikati ya bwawa wakianika mabawa. Nilikuwa nimepita kando ya bwawa lile mamia ya mara nikienda kuchota maji au kutafuta kuni, na sikumbuki hata siku moja niliyosimama kuliangalia. Wao walisimama kila baada ya hatua ishirini. Ndege, picha. Ua, picha. Mgeni alichuchumaa mbele ya uyoga kwa muda ambao mimi ningekuwa nimemaliza kupika sufuria ya maharagwe. Nikawa najiuliza, hawa wanakwenda wapi? Kwetu mtu hutembea kwa sababu kuna mgonjwa, kuna soko, kuna kanisa, kuna shida. Hawa walikuwa wanatembea ili watembee, na mimi nilikuwa miguu yao ya ziada.

Saa nne ilitukuta ng'ambo ya bwawa. Sikuhitaji saa. Mwanamke anayenyonyesha anajua. Matiti yalikuwa yamejaa, yanauma hadi kwapani. Wao wakatandika blanketi, wakanywa chai. Nikamwambia memsahibu kwamba mtoto wangu hajanyonya tangu alfajiri. Hakukasirika, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Alitabasamu akaniambia kwa Kiswahili chake cha jikoni, "Hapana mbaya, aya. Toto yenu nazoea kungoja."

Watu husema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Uongo mtupu. Yule alikuwa mzazi. Binti yake akichelewa uji kidogo tu, nyumba nzima ilikimbia.

Tulipoinuka, jua likiwa utosini, nilidhani tunarudi. Mgeni akaonyesha kilima mbele, akasema kitu kwa Kizungu, na memsahibu akaitikia kwa kichwa. Walitaka kuona Kilimambogo kutoka juu. Tukaanza kupanda. Kilima kile hakikuwa kikali, ng'ombe walikipanda wakila, lakini jua lilikuwa limeshawaka na binti yule mgongoni mwangu alikuwa ameanza kulia kwa usingizi. Na hapo mwili wangu ukanisaliti. Titi halijui ni mtoto wa nani anayelia. Maziwa yakaanza kutoka yenyewe, yakalowesha gauni langu jeupe la kazi mpaka kiunoni. Nilikuwa natembea natiririka, mtoto wa mwingine mgongoni, wangu kule chini kwenye laini analia.

Juu ya kilima mgeni alitaka kupiga picha yetu sote. Tukasimama. Akainua kamera, akaniangalia, akaishusha, akamnong'oneza mwenzake. Memsahibu akageuka, akaona gauni langu, uso ukamwiva.

"Aya, kwenda nyuma kidogo," akasema. "Nguo yako chafu. Picha takuwa mbaya."

Chafu! Maziwa ya mwanangu. Nimetukanwa mara nyingi maishani. Nimesukumwa na askari pale Ruiru wakati wa kukaguliwa vipande vyetu vya utambulisho, nimeitwa majina ambayo siwezi kuyasema mbele ya wajukuu. Hakuna lililonifika kama lile. Hasira zilinipanda mpaka nikaona ardhi inacheza. Nilifungua shuka, nikamtoa binti yake mgongoni, nikamweka mikononi mwake. Hakuwa amejiandaa, fimbo ilianguka.

"Shika mtoto wako," nikamwambia. "Mimi naenda kwa wangu."

"Aya! Kesho hapana kazi!"

"Haya."

Sikufuata njia yao. Nilikata moja kwa moja kuteremka kilima, nikaingia kwenye kahawa, nikakimbia katikati ya mistari matawi yakinichana mikono. Nyuma yangu nilimsikia yule binti akilia akinitaka mimi, na nilimhurumia, lakini sikugeuka. Kumbe kilima chote kile na bwawa lote lile, kwa mtu anayejua anakokwenda, ni mwendo wa nusu saa. Nilifika laini saa nane.

Sauti ya mwanangu niliisikia kabla sijafika mlangoni. Haikuwa tena kilio, ilikuwa imekauka. Jirani yangu alikuwa akizunguka naye kivulini, kidole chake mdomoni mwa mtoto. Nikamnyakua, nikakaa kizingitini, nikafungua gauni.

"Haiya! Usimpe hayo!" jirani akapiga kelele. "Umeshinda juani, yameshachemka. Unataka kumharisha? Kamua kwanza."

Ndivyo tulivyofunzwa sote. Maziwa yaliyopigwa na jua ni sumu kwa mtoto; mama akitoka mbali ni lazima amwage yale ya mbele, akae apoe, ndipo anyonyeshe. Mama yangu alinifunza, na yeye alifunzwa na wake. Sikubisha. Mimi niliyetoka kubishana na memsahibu, niliyetupa kazi na chumba na kila kitu ili nimfikie mtoto huyu, nilimlaza mapajani, nikamzuia kichwa kwa mkono mmoja asifikie titi, na kwa mkono wa pili nikakamua chini. Alikuwa ameshasikia harufu yangu. Alifungua mdomo akiutafuta ubavu wangu, na mimi nikamsukuma. Nilikamua titi la kwanza, nikakamua la pili. Vumbi likawa tope. Halafu nikakaa nikapunga upepo kifuani kwa kipande cha gunia, nikapoa, kama nilivyofunzwa.

Alipopata titi hatimaye, kulikuwa kumebaki kidogo sana. Alivuta, akaniangalia, akavuta tena, akalala kwa uchovu na si kwa kushiba.

Kesho yake tulifukuzwa. Tulitembea mimi na yeye mgongoni hadi Thika kwa dada yangu, na alikua, na leo ana mvi. Miaka mingi baadaye, kliniki, nesi kijana aliniambia kwamba maziwa ya mama hayaharibiwi na jua, hayajawahi kuharibiwa, na akacheka kidogo, si kwa ubaya. Wanawake wenzangu kwenye benchi wakacheka pia. Mimi nilitoka nje. Memsahibu nilishamchukia nikamaliza. Yeye alimnyima mwanangu kwa muda wa saa nne, na hakumwona akilia. Mimi nilimwona, maziwa yalikuwa yanatiririka, na mkono uliomzuia ulikuwa wangu.